Poti 33434 na wenzake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu traceroute na zana nyingine za kufuatilia njia

Ukurasa huu ni wa mafundi wa mtandao, wasimamizi wa seva, na yeyote hapa Dar es Salaam aliyewahi kumtumia mtoa huduma wake matokeo ya traceroute akajibiwa kwamba "kwetu kila kitu kiko sawa". Mara nyingi hapo hakuna anayedanganya. Kila upande umepima kwa itifaki yake na poti yake (namba inayoielekeza pakiti kwa programu fulani ndani ya kompyuta), na pakiti zimetendewa tofauti njiani. Anwani za IP zilizomo kwenye mifano ni zile zilizotengwa kwa ajili ya kufundishia, usizitafute.

Traceroute inafanya nini hasa, na poti inaingiaje hapo?

Kila pakiti ya IP hubeba namba iitwayo TTL, ambayo ni kikomo cha ruta ngapi inaruhusiwa kupita. Kila ruta hupunguza moja. Ruta itakayoifikisha namba hiyo kwenye sifuri huitupa pakiti na kumrudishia mtumaji ujumbe wa ICMP (itifaki ya taarifa na makosa ya mtandao) aina ya 11, kwamba muda umekwisha. Traceroute hutuma pakiti za TTL 1, kisha 2, kisha 3, na kila mara husoma ni nani aliyerudisha ujumbe. Majina hayo yakipangwa kwa zamu ndiyo njia yenyewe.

Mpaka hapo poti haina kazi, kwa sababu ruta za njiani haziangalii poti ili kupunguza TTL. Poti inaanza kuwa na maana mahali pawili: pakiti inapofika mwisho wa safari, na jibu linaporudi kwako ukahitaji kujua ni la pakiti ipi. Karibu maswali yote yaliyo hapa chini yanatokana na mambo hayo mawili.

Kwa nini 33434? Namba hii imetoka wapi?

Traceroute iliandikwa na Van Jacobson wa maabara ya Lawrence Berkeley huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, kutokana na wazo la Steve Deering. Ndani ya msimbo wake poti ya kuanzia iliandikwa kama jumla: 32768+666. Fanya hesabu utapata 33434. Hiyo 32768 ni nusu kamili ya poti zote, maana sehemu ya poti ina biti 16 na namba zake zinaishia 65535.

Sababu ya kwenda juu kiasi hicho ni kwamba Jacobson alitaka poti ambayo haina programu inayoisikiliza. Chukulia seva ni nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi: traceroute inagonga chumba kisicho na mpangaji, ili mwenye nyumba mwenyewe atoke aseme "hapa hakai mtu". Kauli hiyo ni ujumbe wa ICMP aina ya 3, msimbo wa 3: poti haifikiki. Ndiyo inayoiambia traceroute kwamba imefika na iache kuongeza TTL. Ingegonga chumba chenye mpangaji, pakiti ingemezwa na programu iliyopo humo, na pengine pasingekuwa na jibu lolote.

Enzi hizo mifumo ya Unix ya ukoo wa BSD ilikuwa ikitoa poti za muda kwa programu kati ya 1024 na 5000. Mtu aliyechagua 33434 alikuwa mbali kabisa na shughuli zote. Baadaye namba hiyo iliandikishwa IANA, asasi inayosimamia namba za intaneti, kwa jina la traceroute, na leo utaikuta kwenye Linux, FreeBSD, macOS, BusyBox na ruta za Cisco.

Kwa hiyo leo bado ni chumba kisicho na mpangaji?

Si kwa uhakika ule wa zamani. Linux ya leo, isipobadilishwa, hutoa poti za muda kuanzia 32768 hadi 60999. Poti 33434 na zinazoifuata zimo ndani ya eneo hilo hilo. Kwenye seva yenye shughuli nyingi za UDP (itifaki ya kutuma pakiti bila kuunganishwa kwanza, ambayo ndiyo traceroute huitumia), kwa mfano seva ya DNS inayouliza maswali mengi nje, inaweza kutokea kwamba pakiti yako imeangukia kwenye poti iliyofunguliwa kwa muda, ikapokelewa kimyakimya.

Dalili yake ni nyota moja (alama ya `*`, yaani pakiti haikujibiwa) kwenye hatua ya mwisho, huku pakiti nyingine mbili za hatua hiyo zimejibiwa vizuri. Ukiirudia traceroute na nyota ikahama au ikatoweka, usiandike ripoti ya upotevu wa pakiti kwa sababu yake.

IANA yenyewe imetenga eneo la 49152 hadi 65535 kwa poti za muda, lakini Linux haikufuata mpaka huo. Ndiyo maana mtu akisoma jedwali la IANA peke yake anaamini 33434 iko salama, kumbe mfumo endeshi wa seva una utaratibu wake.

Kwa nini poti inaongezeka kwa moja kila pakiti? Si ingebaki palepale?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake linaonyesha jinsi watu wa zamani walivyojua kutumia nafasi ndogo.

RFC 792, moja ya hati za viwango vya intaneti, ya mwaka 1981, inasema ruta inaporudisha ujumbe wa kosa, iambatanishe kichwa cha IP cha pakiti iliyotupwa pamoja na baiti 8 za mwanzo za kilichofuata. Baiti 8 tu. Kwa bahati njema kichwa cha UDP nacho ni baiti 8 kamili: poti ya mtumaji, poti ya mpokeaji, urefu na namba ya uhakiki. Data yoyote uliyoweka baada ya hapo huna uhakika wa kuiona tena.

Sasa wewe umetuma pakiti nyingi, majibu yanarudi kwa kupishana, mengine yanachelewa, mengine hayarudi kabisa. Utajuaje jibu hili ni la pakiti ya ngapi? Lazima alama iwe ndani ya zile baiti 8. Jacobson aliweka alama ya programu kwenye poti ya mtumaji, akaipata kutoka kwenye namba ya mchakato, ili watu wawili wanaoendesha traceroute kwenye mashine moja wasichanganyiwe majibu. Namba ya mfuatano akaiweka kwenye poti ya mpokeaji. Kila pakiti poti yake, na kila jibu linarudi na namba yake.

Kuna faida ya pili. Poti moja ikiangukia kwenye programu inayosikiliza, inayofuata ina nafasi ya kukwepa.

Hesabu ya kawaida ni hatua 30 mara pakiti 3, yaani pakiti 90. Kwa traceroute ya Linux zinatoka 33434 hadi 33523. Baadhi ya matoleo huongeza kabla ya kutuma, kwa hiyo yanaanza 33435 na kuishia 33524. Hapo ndipo ilipotoka desturi ya kuandika 33434 hadi 33534 kwenye kanuni za fayawoli (kichujio cha pakiti): ni zile 90 na nafasi kidogo ya ziada.

Kwa nini tracert ya Windows inafika, lakini traceroute ya Linux kwenye mtandao uleule inaishia kwenye nyota?

Kwa sababu hazitumi kitu kimoja. Tracert ya Windows hutuma ICMP ya aina ileile inayotumiwa na ping. ICMP haina poti kabisa. Alama yake ni namba ya mfuatano iliyomo kwenye kichwa chake. Traceroute ya Linux, ukiiendesha bila kuongeza chochote, hutuma UDP kwenye poti za juu. Fayawoli nyingi za ofisini zinaruhusu ping na kukataa UDP ngeni. Hivyo meneja mwenye laptopu ya Windows anaona njia nzima, fundi mwenye Linux aliyekaa meza ya pili anaona nyota kuanzia hatua ya nne, na wote wawili wako sahihi.

Ukitaka Linux ifanye kama Windows, andika `traceroute -I`. Linganisha hizo mbili kabla ya kumpigia mtu simu.

Na kama unajiuliza kwa nini UDP ilichaguliwa mwanzoni badala ya ICMP: RFC 792 ilisema ujumbe wa ICMP usitumwe kuhusu ujumbe mwingine wa ICMP, ili kuepuka mzunguko usio na mwisho. Ruta iliyolichukua agizo hilo kwa ukamilifu wake isingejibu chochote kwa ping iliyoishiwa TTL. Mwaka 1989, RFC 1122 ililiweka sawa kwa upande wa kompyuta za mwisho, kwamba makatazo ni kwa ujumbe wa makosa tu.

Zana gani inatumia poti gani ikiachwa kama ilivyo?

Traceroute ya Linux: UDP kuanzia 33434. Ukiongeza `-T` inakuwa TCP (itifaki inayounganisha pande mbili kwanza) poti 80, ukiongeza `-U` inakuwa UDP poti 53, na poti haiongezeki tena katika hali hizo mbili.

Tracepath, ambayo huja na mifumo mingi ya Linux na haihitaji mamlaka ya root, huanza na UDP 44444. Wengi hawalijui hili. Wanafungua 33434 na kuendelea kwenye fayawoli, halafu wanashangaa tracepath imekwama.

Mtr, inayorudia traceroute mfululizo, hutumia ICMP isipoambiwa vingine. Kwa `-T` inatumia TCP, na kama hujataja poti inachukua 80. MikroTik, ambayo mafundi wengi hapa mjini wanaishi nayo, pia huanza na ICMP kwenye traceroute yake. Tcptraceroute hutumia TCP 80.

Nmap iko peke yake. Ukiiambia `--traceroute`, kwanza inakagua seva, kisha inachagua itifaki na poti ambayo imeshaona inajibiwa. Binafsi naona huu ndio uamuzi wenye busara kuliko zote, kwa sababu haibahatishi: inatumia mlango uliothibitishwa.

Kwa nini 80 kwa TCP na 53 kwa UDP? Si tulisema poti isiwe na msikilizaji?

Hapa lengo limegeuka. Poti 33434 ilichaguliwa wakati mtandao ulikuwa wazi, na tatizo lilikuwa kuipata sauti ya seva ya mwisho. Fayawoli zilipoenea, tatizo likawa kupita njiani. Poti 80 ya tovuti na 53 ya DNS ndizo ambazo wasimamizi wengi waliziacha wazi, kwa hiyo pakiti iliyovaa namba hizo ilikuwa na nafasi kubwa ya kupita.

Upande wa TCP hakuna hasara yoyote. Ukituma SYN (ombi la kuunganishwa) kwenye poti iliyo wazi unajibiwa SYN-ACK (kukubaliwa), ikiwa imefungwa unajibiwa RST (kukataliwa), na vyote viwili vinathibitisha umefika. Traceroute haikamilishi muunganisho, kwa hiyo programu ya upande wa pili haisumbuliwi.

Upande wa UDP ni tofauti, na hapa watu wanapotea. Poti ikiwa wazi hakuna ujumbe wa "poti haifikiki", na programu iliyopo inaweza kuamua kunyamaza. Chukua WireGuard, ambayo watu wengi huiweka kwenye UDP 51820. Imeundwa makusudi isijibu pakiti isiyoitambua. Ukifuatilia njia kwa `traceroute -U -p 51820`, hatua za kati zitaonekana lakini ya mwisho itakuwa nyota tupu, hata kama VPN yenyewe inafanya kazi vizuri. Nyota za aina hiyo si kosa.

Nitumie poti ipi basi?

Poti ya huduma unayoilalamikia. Kama mfumo wa mauzo wa duka la Kariakoo haufiki kwenye seva yake ya HTTPS, pima kwa `traceroute -T -p 443`. Kama simu za ofisi zinazopita SIP zinakatika, pima UDP 5060. Kama ni barua pepe zinazogoma kutoka, jaribu TCP 587, na usishangae TCP 25 ikizuiwa na mtoa huduma, kwani wengi duniani huifunga ili kupunguza taka.

Ping inayofika haithibitishi kwamba 443 inafika. Kwenye mitandao ya kampuni, fayawoli inaweza kuzipeleka pakiti za tovuti kwenye kiungo kimoja na zilizobaki kwenye kingine. Ukipima kwa ICMP umepima njia ambayo wateja wako hawapiti. Ninalisisitiza hili kwa kila kijana anayeanza kazi hii, kwa sababu nimeona saa nyingi za watu wazuri zikipotea kwenye kiungo kisichohusika.

Nifungue nini kwenye fayawoli ili traceroute ifanye kazi?

Kwa wanaotoka ndani kwenda nje: ruhusu UDP 33434 hadi 33534 itoke, na 44444 hadi 44544 kama mnatumia tracepath. Muhimu zaidi, ruhusu ICMP ya aina ya 3 na ya 11 irudi ndani. Fayawoli yenye kumbukumbu ya miunganisho huzitambua zenyewe kama zinazohusiana na pakiti iliyotoka. Usizuie ICMP yote kwa kisingizio cha usalama. Ndani ya aina ya 3 mna ujumbe unaosema pakiti ni kubwa mno, na ukiuzuia tovuti zitakuwa zinafunguka nusu na kukwama bila maelezo.

Kwa seva yako ambayo ungependa wengine waweze kuifuatilia, usiache poti hizo zitupwe kimya. Zikatae kwa adabu:

`iptables -A INPUT -p udp --dport 33434:33534 -j REJECT`

REJECT ikiachwa hivyo hurudisha ujumbe uleule wa "poti haifikiki", na traceroute ya mwenzako itaisha vizuri badala ya kuendelea na nyota hadi hatua ya 30. Ni mstari mmoja, na unamwokolea fundi mwenzako wa upande wa pili muda mwingi.

Nitajuaje pakiti zangu zinatoka kweli na majibu yanarudi?

Fungua dirisha la pili, uendeshe tcpdump:

`tcpdump -n 'udp portrange 33434-33534 or icmp'`

Kisha anzisha traceroute kwenye dirisha la kwanza. Utaona kitu kama hiki:

```
IP 192.168.10.25.48211 > 203.0.113.9.33434: UDP, length 32
IP 192.168.10.25.53907 > 203.0.113.9.33435: UDP, length 32
IP 192.168.10.1 > 192.168.10.25: ICMP time exceeded in-transit, length 68
IP 203.0.113.9 > 192.168.10.25: ICMP 203.0.113.9 udp port 33446 unreachable, length 68
```

Tazama mstari wa mwisho. Seva yenyewe imejibu, na imetaja poti 33446. Toa 33434 unabaki na 12. Kila hatua ina pakiti tatu, kwa hiyo pakiti 12 za mwanzo zimekwisha kwenye hatua nne, na hii ni ya kwanza ya hatua ya tano. Bila hata kuangalia dirisha la traceroute umeshajua seva iko hatua ya tano. Ile alama iliyowekwa kwenye baiti 8 ndiyo hiyo unayoisoma.

Utagundua pia kwamba Linux haisubiri jibu moja ndipo itume nyingine. Hutuma hadi pakiti 16 kwa mpigo, kwa hiyo 33434 hadi 33449 zinaweza kutoka kabla jibu la kwanza halijarudi, na seva iliyo karibu itapokea pakiti kadhaa ambazo TTL yake imezidi umbali wake. Ni kawaida. Kama unashuku ruta ya njiani inalemewa na mpigo huo, weka `-N 1` ziende moja moja.

Kama pakiti zinaonekana kutoka na hakuna ICMP yoyote inayorudi, hata ya ruta yako mwenyewe, anza kuchunguza fayawoli ya mashine hiyo hiyo.

Kwenye hatua moja naona ruta mbili au tatu tofauti. Mtandao unayumba?

Huenda ni kwa sababu ya poti. Watoa huduma wakubwa huwa na viungo kadhaa sambamba, na ruta hugawa pakiti kwa kukokotoa anwani mbili, itifaki na poti mbili. Pakiti zenye poti zilezile hufuata kiungo kilekile, ndiyo maana muunganisho mmoja wa kawaida hauchanganyikiwi. Traceroute ya zamani inabadilisha poti kila pakiti, kwa hiyo kila moja inaweza kupelekwa kwenye kiungo tofauti. Unachokiona kwenye skrini ni vipande vya njia mbili tatu vilivyounganishwa, na wakati mwingine vinaonyesha kiungo kati ya ruta ambazo hazijaungana kabisa.

Mwaka 2006 watafiti wa Paris walitoa Paris traceroute, inayoshikilia poti zisibadilike na kuficha alama ya mfuatano kwenye namba ya uhakiki ya UDP. Ile sehemu ya mwisho ya zile baiti 8 ndiyo iliyowaokoa. Kama huna zana hiyo, kubadili poti ya mpokeaji kuwa moja kwa `-U` au `-T` kunasaidia kwa kiasi, na kwenye FreeBSD na macOS kuna `-e`. Kwa kuwa traceroute ya Linux hubadilisha pia poti ya mtumaji, ongeza `--sport` kama unataka iwe thabiti kabisa. Itatuma pakiti moja moja, kwa hiyo uwe na subira.

Nyota za katikati ni tatizo?

Kama hatua zinazofuata zinajibu, hapana. Ruta inapitisha pakiti kwa vifaa vyake vya kasi, lakini ujumbe wa ICMP unatengenezwa na kichakataji chake cha kawaida, na wasimamizi hukiwekea kikomo. Hata Linux ina kikomo chake, `net.ipv4.icmp_ratelimit`. Angalia hatua ya mwisho. Upotevu ukianza katikati na kuendelea hadi mwisho, hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo na mtoa huduma.

Ukiona `!X` ujue msimamizi wa njiani amekataza pakiti yako kwa kanuni. Badilisha poti ujaribu tena. Mara nyingi `!X` ya UDP hutoweka kwa TCP 443.

Niko Mwenge, seva iko Posta. Kwa nini njia inapita Ulaya?

Poti haihusiki hapa, ila swali linakuja kila mara. Watoa huduma wawili wakiwa wanakutana kwenye TIX, kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti hapa Dar es Salaam, pakiti hubaki mjini na safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde chache. Wasipobadilishana hapo, zinapita kwa wauzaji wao wa nje.

Muda unasema ukweli hata majina ya ruta yakificha. Mwanga ndani ya faiba hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar es Salaam hadi London ni kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 75, na kwa kuwa mkongo wa baharini haunyooki, muda halisi huwa mkubwa zaidi. Mwenge hadi Posta ikikupa milisekunde 160, pakiti imeondoka nchini.

Mkongo wa baharini ukikatika, traceroute itanionyesha?

Itakuonyesha mabadiliko, ila uwe na rekodi ya siku nzuri ya kulinganisha. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipoharibika kwenye upande wa Afrika Kusini, watu wengi wa Afrika Mashariki waliona kasi ikishuka. Aliyekuwa amehifadhi mtr ya wiki iliyopita alikuwa na cha kulinganisha. Hifadhi ya kila wiki, kwa poti ya huduma yako muhimu, haichukui hata dakika tano kuiandaa kwenye cron, kipanga ratiba cha Linux.

Kwenye bando la simu hatua za mwanzo zinaonyesha 100.64 na kuendelea. Nimeingiliwa?

Hapana. Kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 ni anwani zilizotengwa na RFC 6598 ya mwaka 2012 kwa watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Kifaa cha kubadilisha anwani kinapaswa kurekebisha pia zile baiti zilizomo ndani ya ICMP ili traceroute itambue jibu lake. Visivyofanya hivyo vizuri huleta nyota kwa UDP wakati ICMP inapita.

IPv6 inatumia poti nyingine?

Poti ni ileile, 33434. Kinachobadilika ni namba za ujumbe: muda kwisha ni aina ya 3 ya ICMPv6, na poti isiyofikika ni aina ya 1 msimbo wa 4. Fundi aliyenakili kanuni za IPv4 bila kubadili namba hizo atakuwa amefungia jibu la poti isiyofikika, yaani lile la mwisho wa safari.

Traceroute inaweza kuonekana kama shambulio?

Kwenye mfumo wa kugundua uvamizi, pakiti za UDP zinazopanda poti moja baada ya nyingine zinafanana na mtu anayekagua milango. Mfumo mzuri huutambua mfululizo unaoanzia 33434 wenye TTL ndogo. Ukipima seva ya taasisi nyingine mara kwa mara, waarifu kwanza, na tumia poti moja isiyobadilika.

Nikimwandikia mtoa huduma, niweke nini?

Andika zana uliyotumia na amri nzima kama ulivyoiandika, ili aone itifaki na poti. Weka anwani yako ya nje, anwani ya mwisho, na saa kwa saa za Afrika Mashariki. Ambatanisha matokeo mawili: moja la ICMP, moja la poti ya huduma yenye tatizo. Kama una mtu upande wa pili, mwombe apime kuja kwako pia, kwa poti hiyohiyo, kwa sababu pakiti za kurudi mara nyingi hupita njia nyingine ambayo wewe huwezi kuiona. Usitume picha ya skrini iliyokatwa. Nakili maandishi yote, pamoja na mstari wa kwanza kabisa.